Mboga Asiyoionja Shangazi

Mpaka leo siwezi kula mboga niliyopikiwa bila kwanza kumtazama mpishi mdomoni. Watoto wangu wananicheka. Nikialikwa mahali nakaa, nanawa, nasifia harufu, halafu nasubiri mwenyeji amege tonge la kwanza na nimwone kabisa akimeza. Akimeza, nami nakula vizuri tu, tena sana. Asipomeza, tumbo langu linajifunga lenyewe, na hata ukinibembeleza namna gani nitakwambia nimeshiba tangu nyumbani.

Juzi jirani yangu hapa Kizwite, mjini Sumbawanga, binti aliyeolewa si zamani, alikuwa anapika mnafu. Si huu mnafu wa siku hizi unaozamishwa kwenye mafuta na nyanya mpaka unasahau jina lake. Alikuwa anauchemsha mtupu, na mvuke wake mchungu ukapita juu ya ukuta ukaingia jikoni kwangu. Nilikuwa nakata kitunguu, nikaweka kisu chini. Kwa harufu ile mimi sioni mboga. Namwona Shangazi Skola, dada mkubwa wa baba yangu, tuliyemzika mvua zilizopita, na namwona mama yangu amelala kwenye mkeka, viganja vyake vyeupe kama unga.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu Ufipa mnakumbuka tulivyohamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulitoka kwenye kaya yetu ya zamani, upande wa njia ya Matai, tukaja kupangwa nyumba kwa nyumba, zote zimetazama barabara moja. Wakubwa walisema tutapata shule, zahanati na bomba. Mimi nilichokipata kwanza ni majirani. Kule kwetu ukitoka nje uliona ng'ombe wa babu na matuta ya ulezi. Hapa ukitoka nje uliona macho ya mtu. Ukipika, jirani anajua unapika nini. Usipopika, anajua pia, na kesho yake anakuuliza kwa upole kama mna mgonjwa.

Mama alifurahia kuhama. Alikuwa kijana bado, alitaka bomba. Shangazi Skola hakufurahi hata kidogo. Mume wake alikuwa amekufa zamani, hakubahatika mtoto, na kaya ile ya babu ndiyo iliyokuwa kila kitu chake. Siku ya kuhama alikaa juu ya jiwe la kusagia akakataa kunyanyuka, mpaka Baba akamwambia, "Dada, tusitiane aibu mbele ya mgambo." Akanyanyuka. Ila nilimsikia akimwambia Mama, "Haya wifi, umeshinda." Neno lile nililihifadhi. Mtoto hahifadhi vitu vingi, lakini akihifadhi kimoja hakitoki.

Kiangazi kilichofuata Mama akajifungua mdogo wangu. Mtoto alitoka salama, ila Mama alimwaga damu nyingi, na baada ya hapo hakusimama tena. Alikuwa akijaribu kuinuka, anashika ukuta, anarudi chini. Maziwa yalikuwa kidogo na mtoto alilia kutwa nzima. Mkunga wa zahanati alikuja, akamvuta Mama kope la chini, akatazama ndani, akatikisa kichwa.

"Damu imepungua huyu," alimwambia Baba. "Mpeni maharage, mpeni dagaa mkipata. Na mboga za majani kila siku, zile chungu chungu hasa. Mnafu, mchunga, mgagani. Na msimwage maji yake."

Kila siku! Ninyi mnajua kiangazi cha kwetu. Upepo unapiga mpaka midomo inapasuka, majani yote yamekuwa rangi ya udongo, na mboga inayopatikana ni ile iliyokaushwa tangu mvua, ukiichemsha inanuka kama paa la nyumba. Nani angepata mnafu mbichi?

Shangazi Skola alipata. Alfajiri anatoka na kikapu, jua likipanda anarudi na mzigo wa kuni kichwani, na chini ya kuni, ndani ya kikapu, kumefunikwa kanga. Anaingia jikoni, anarudisha mlango, ndipo anafunua. Majani mabichi, ya kijani kibichi kinachong'aa, yana umande bado. Nikamuuliza, "Shangazi, umeyatoa wapi?" Akasema, "Yalipo." Basi. Mtu akikujibu hivyo, na wewe ni mtoto mwenye masikio kama mimi, unaanza kuhesabu mambo.

Aliyeniongezea mambo ya kuhesabu alikuwa Mama Atupele, jirani yetu wa mkono wa kulia. Mume wake alikuwa bwana shamba, wametoka Mbeya, na yule mama alikuja Sumbawanga akiwa ameshaonywa na kwao kuhusu sisi. Mnajua wenyewe jina letu lilivyosambaa nchi nzima kwa uchawi. Mtu akisema ametoka Sumbawanga, anayemsikiliza anasogeza kiti. Mama Atupele alikuwa mwema, alituletea ndizi, alimbeba mdogo wangu akilia. Lakini kila alichokiona alikitazama mara mbili.

"Dada, mimi ni mgeni huku, sitaki maneno," alimwambia Mama siku moja, mimi nikiwa nimekaa mlangoni kama sipo. "Lakini hiyo mboga ya wifi yako. Kiangazi chote hiki, anaitoa wapi?"

"Anajua mwenyewe," Mama akasema.

"Na mbona maji yake meusi hivyo? Sisi mnafu tunauchemsha, tunamwaga maji ya kwanza, uchungu unapungua, ndipo tunatia karanga. Yeye anakupa na maji yake yote unywe."

"Anasema mkunga ndiye aliyesema."

"Haya. Na yeye anaonja?"

Nikamwona Mama anafikiri, na nikajua anafikiri nini, kwa sababu hata mimi nililijua hilo. Kwetu pombe ya ulezi haizungushwi mpaka mwenye pombe anywe kwanza mbele ya watu, ameze, afute mdomo. Ndipo kata inatembea. Chakula vilevile: anayekuletea chakula anamega kidogo, unamwona, halafu anakusogezea. Hakuna aliyekuwa akikuelezea sababu yake, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Mama Atupele alipoondoka, Mama akaniita karibu. Pumzi yake ilikuwa fupi. "Ukae jikoni na Shangazi yako," akaninong'oneza. "Uangalie kama anaonja. Halafu uje uniambie mimi peke yangu."

Ninakiri nililipenda jukumu lile. Nilikaa jikoni kama askari. Nikamwona Shangazi akichambua, akitupa mabua, akiosha majani kwa maji kidogo sana kwa sababu bomba lenyewe lilikuwa bado halijafika. Anatia chunguni maji ya majivu ya maganda ya maharage, yale tuliyokuwa tukiyaita magadi, ili mboga ilainike. Anaunga kwa karanga alizotwanga, kama zipo. Kama hazipo anatia maziwa. Harufu inapanda, chungu, nzito, mpaka macho yananiwasha. Kisha anatia chumvi kwa vidole, anakoroga, anainua mwiko. Pale ndipo mpishi yeyote duniani huonja. Anadondosha tone kiganjani, analamba. Shangazi alikuwa akinyoosha mwiko kwangu.

"Onja chumvi wewe."

Nikakaza mdomo. "Sitaki, chungu."

"Haya." Akapakua bakuli la Mama bila kuonja, akafunika.

Kesho yake vilevile, na kesho kutwa. Kilichonitisha zaidi ni alichokula yeye. Alikuwa akituambia, "Ninyi kuleni, mimi nitakula baadaye." Nikajificha nyuma ya ghala la ulezi nikamchungulia. Alichukua ugali wake, akaweka maji ya moto kwenye kibakuli, akatia chumvi, akawa anachovya tonge kwenye maji yale na kula. Chungu chenye mabaki ya mnafu kilikuwa hapo karibu na goti lake. Hakukigusa. Sasa niambieni ninyi: mboga ni nzuri, ina karanga, iko mbele yako, na unachagua maji ya chumvi. Mtoto wa umri wangu angefikiri nini? Nilifikiri nilichofikiri.

Nikataka pia kujua inakotoka. Asubuhi moja nikamfuata kwa mbali, nimejifunga kanga ya Mama kichwani kwa baridi. Akaacha njia ya kuni akashika ile iliyokwenda kwetu kwa zamani. Nikaogopa, maana kurudi kwenye mahame ilikuwa marufuku; mgambo wakikukuta huko walidhani unataka kujenga upya, na ulijibu maswali ofisini. Nyumba yetu ilikuwa imeshaanguka paa. Chini ya zizi la babu, pale chemchemi ilipokuwa ikitoka, samadi ya miaka yote ilikuwa imelala, na mnafu ulikuwa umeota hapo wa kijani kama vile ndani ya mvua. Na hatua chache tu juu yake palikuwa na kaburi la babu.

Shangazi alipiga magoti. Akawa anachuma, na huku anachuma midomo inatembea. Sauti sikuisikia. Anachuma jani, anasema kitu. Anachuma jani, anasema kitu. Nikakimbia mpaka nyumbani bila kutazama nyuma, na nikamwambia Mama kila kitu: mahame, kaburi, midomo, maji ya chumvi.

Mama hakulia. Alisema tu, "Basi ndiyo hiyo," na tangu siku ile bakuli la mnafu likawa linamwagwa. Shangazi akileta, Mama anasema weka hapo, nitakula. Akitoka, mimi natoa nje chini ya kanga. Mama akawa anakula ugali na chai ya rangi. Siku zilivyokwenda akaacha hata kujaribu kushika ukuta. Mdogo wangu naye sauti ya kulia ikaanza kupungua, na Baba akasema mtoto ametulia. Nakumbuka mimi sikupenda utulivu ule.

Shangazi aligundua. Mpishi hawezi kudanganywa na bakuli lake. Jioni moja jua likiwa bado lipo, Baba ametoka shamba la kijiji, Mama Atupele yupo amembeba mtoto, Shangazi akaingia na bakuli akaliweka chini katikati yetu.

"Wifi, hii mboga huili. Kwa nini?"

Mama akageuza uso ukutani. Baba akauliza, "Ni kweli?" Mama Atupele akasema, taratibu, akimtazama mtoto mikononi mwake, "Shemeji, usinielewe vibaya. Mgonjwa anataka tu aone mtu anaonja."

Nilimtazama Baba usoni. Aliaibika, naliona hilo hadi leo. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya bibi kufa. Akakuna shingo, akasema kwa sauti ndogo, "Dada, onja tu. Kidogo. Yaishe."

Shangazi hakusogeza mkono. Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nikatazama miguu yangu.

"Hamjui mnachoniomba," akasema.

"Kuonja mboga, Dada? Mboga uliyopika mwenyewe?"

"Hamjui, nimesema."

Mama akageuka. Sijawahi tena kuona macho kama yale, makubwa kwenye uso ule mdogo. "Si unaona?" akamwambia Baba. "Si unaona mwenyewe?"

Shangazi akamuuliza Mama, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Nikionja, utakula?"

"Nikiona umemeza."

"Utakula leo na kesho na kila siku nitakayopika? Niapie."

Mama akaapa kwa mtoto wake. Shangazi akafanya ishara ya msalaba, akatia mkono kwenye bakuli, akala. Hakuonja kidogo, alikula tonge zima la mnafu akalitafuna na kulimeza, na machozi yalikuwa yanamtoka huku anatafuna, yanadondoka kwenye kanga. Kisha akafungua kinywa kumwonyesha Mama, kama mtoto anayemezeshwa kwinini. Mama akavuta bakuli na kula.

Wakubwa wote walipumua. Mimi sikupumua. Nilijua mtu halii kwa kula mboga nzuri. Nilijua amekula sumu yake mwenyewe na sasa ataanguka, na nikamfuata nje nikamwone akianguka. Akaenda nyuma ya nyumba. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa unga mweupe, akaumwaga wote chini, akapiga magoti juu yake, midomo ikatembea tena. Sikumwambia mtu, si kwa wema, kwa woga. Asubuhi mbuzi wa Mama Atupele akaja akawa analamba pale pale kwa raha zote. Nikakaa kumsubiri afe. Hakufa, akarudi tena mchana kutafuta zaidi, na hiyo iliniudhi sana.

Mama alitimiza kiapo. Alikula mnafu na maji yake meusi, alikunja uso, alikula. Ikawa anaketi. Ikawa anasimama mlangoni. Mvua za kwanza zilipokuja na mboga zikaota kila mahali, alitoka kwenda kuchuma mwenyewe, na mdogo wangu alikuwa ameanza kulia tena kwa nguvu mpaka watu wakalalamika. Zahanati ilisema ni damu imerudi. Kanisani walisema ni Mungu. Mimi nilichukua majibu yote mawili na bado sikuridhika.

Nanyi msidhani kwamba baada ya hapo Shangazi alisafishwa. Kuanzia jioni ile aliacha chumvi. Aliacha kabisa. Maharage yake, mboga yake, samaki akiletewa kutoka Kasanga, vyote alikula bila chumvi, vimewekwa magadi basi. Watu wakaona, maana tulikuwa tunapikiana kwenye kazi za kijiji na misiba. Na nani asiyejua wanavyosema, kwamba mchawi hawezi kula chumvi? Mama Atupele alilisema mara moja, wengine wakalisema mara nyingi. Mama yangu mwenyewe hakulisema hadharani, lakini kila Shangazi alipokuja kututembelea alimpa chakula na kibakuli cha chumvi pembeni, akimwangalia. Shangazi alikisogeza taratibu. Waliishi hivyo miaka na miaka, wifi na wifi, wakisalimiana vizuri, wakizikiana, wakitazamana mikono. Watu waliporuhusiwa kurudi kwenye mashamba yao, Shangazi alikuwa wa kwanza kurudi kwenye mahame, na wapo waliosema afadhali.

Alipougua nilikwenda kumuuguza. Watoto wangu walikuwa wakubwa, niliweza kuondoka mjini. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Nikachuma mnafu pale pale chini ya zizi, nikaupika na karanga, na nikatia chumvi, kwa makusudi, nikasema leo nitaujua ukweli. Akaonja kidogo tu, akautema kwenye kiganja, akanitazama.

"Umetia chumvi."

"Kula, Shangazi. Unahitaji nguvu."

"Siwezi."

Nikaweka bakuli chini. Nilikuwa nimechoka, nikamwambia kwa ukali kuliko nilivyotaka, "Shangazi, watu wamekuita mchawi umri wako wote kwa ajili ya chumvi. Hata nyumbani kwetu. Sasa niambie mimi."

Akasema, kama mtu anayesimulia habari ya jirani, "Mama yako alipolala, niliweka nadhiri. Nilimwambia Mungu, sitagusa mboga ya aina yoyote mpaka wifi yangu asimame. Nadhiri haitangazwi, ukiitangaza umeila mwenyewe. Ndiyo maana nilikuwa nachovya maji. Wewe si ulikuwa unanichungulia?"

Nikasema ndiyo.

"Halafu mkanitaka nionje. Nisipoonja, wifi hali, anakufa. Nikionja, nimevunja nadhiri, na nikaamini ndiyo namuua kwa mkono wangu." Akapumzika kidogo. "Nikatafuta kitu kingine cha kumpa Mungu pale pale. Nilikuwa sina. Nilikuwa na chumvi tu kwenye fundo, ndiyo iliyokuwa mboga yangu. Nikamwambia basi chukua hii, sitaila tena, kwa muda wote utakaoniachia yule."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia, kwa kunyamaza kwake, kwa macho yetu yote yale. Nikamwambia sasa ni mzee, ni mgonjwa, padre yuko Matai, tutamwita amfungue nadhiri leo hii. Nikachukua kijiko nikakisogeza mdomoni kwake.

Akaushika mkono wangu. Hakuwa na nguvu, lakini aliushika.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo, Shangazi. Nimemwacha shambani anapalilia."

"Basi nipikie nyingine," akasema.